Kiti cha Mtoto cha Kuzungusha: Tathmini Baada ya Safari ya Kilomita 2,400

Kiti ninachokitathmini hapa ni kile cha gari cha mtoto mchanga ambacho hukaa juu ya kitako kilichofungwa garini na kuzunguka duara zima, hivyo mzazi anaweza kukigeuza kuelekea mlangoni, akamfunga mtoto mikanda huku akimtazama usoni, kisha akakirudisha mahali pake. Tulikinunua majuma matatu kabla ya safari ndefu tuliyoifanya tukiwa ugenini, mimi na mke wangu na binti yetu wa miezi tisa, siku sita kwenda na kurudi, bila bibi wala shangazi wa kumpakata mtoto pale sisi wawili tunapoishiwa nguvu. Sitalitaja jina la kampuni iliyokitengeneza, kwa sababu viti vya aina hii vinafanana sana kwa muundo, na karibu yote nitakayoyasifu na kuyalalamikia yanatokana na aina yenyewe kuliko na mtengenezaji.

Nianze na ufungaji, kwa kuwa ndiko nilikopata mshangao wa kwanza. Kitako hushikwa na mfumo wa ISOFIX, yaani vyuma viwili vyenye unene wa milimita 6 vilivyoshikamana na mwili wa gari, milimita 280 kutoka kimoja hadi kingine, pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na sehemu ya kukalia. Ndimi mbili za kitako huuma vyuma hivyo kwa mlio unaosikika, na kijidirisha kidogo hubadilika kutoka rangi nyekundu kuwa kijani. Mara ya kwanza nilitumia dakika kumi, tano kati yake nikivitafuta vyuma vyenyewe kwa vidole ndani ya kitambaa. Mara zilizofuata sikumaliza hata dakika mbili. Kutoka sehemu ya mbele ya kitako hushuka mguu unaokanyaga sakafu ya gari, na kazi yake ni kukizuia kiti kisipinduke kwa mbele gari linapogonga.

Mguu huo ndio uliotuponza. Gari letu ni dogo, kwa hiyo tulikodi kubwa zaidi kwa ajili ya safari, na asubuhi ya kuondoka tukakuta kwamba sakafu ya nyuma ya gari tuliloletewa ina kisanduku cha kuhifadhia vitu, chenye kifuniko cha plastiki, mahali hasa mguu ulipotakiwa kukanyaga. Kifuniko cha namna hiyo hakikuundwa kubeba kishindo, na kitabu cha maelekezo kinakataza kuuweka mguu juu yake isipokuwa mtengenezaji wa gari ameruhusu. Karani wa kampuni ya kukodisha alinihakikishia kwamba wateja wengine huweka tu na hawajarudi kulalamika, maneno ambayo kwa kweli hayakunipa faraja aliyoikusudia. Tulisubiri zaidi ya saa mbili tukapewa gari jingine, dogo kuliko lile tulilolipia, na mabegi mawili yakarudishwa nyumbani. Nikikodi tena nitafanya mambo mawili mapema: nitaisoma orodha ya magari ambayo mtengenezaji wa kiti ameyathibitisha, kisha nitaitaka kampuni iniandikie modeli kamili nitakayopewa, maana ile kauli ya mikataba kwamba utapewa gari fulani “au linalofanana nalo” haina habari na sakafu wala visanduku vyake.

Kwamba mtoto wa miezi tisa husafiri akitazama nyuma halikuwa jambo la kujadiliana kati yangu na mke wangu, ila lilihitaji maelezo kwa wengine. Mama yangu, tulipompigia simu ya video siku moja kabla ya safari, alikitazama kiti kimya kwa muda kisha akauliza, “Sasa mwanangu, huyo mjukuu wangu mmempa kisogo njia nzima, ataona nini?” Swali lake ni la haki, na jibu lake liko shingoni mwa mtoto. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito mno kikilinganishwa na mwili wake, na mifupa ya shingo bado haijakomaa. Gari likisimama kwa kishindo, mtoto anayetazama mbele huzuiliwa mabega na mikanda huku kichwa kikiendelea kwenda, ilhali anayetazama nyuma hupokelewa na mgongo wa kiti kwa pamoja, kichwa, shingo na uti wa mgongo. Kanuni Namba 129 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2013 na ambayo wengi huijua kwa jina la i-Size, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri aendelee hivyo kadiri kiti kinavyomruhusu kwa urefu na uzito. Magoti yanayokunjwa kidogo si tatizo, kwani watoto hupenda kukunja miguu hata wakiwa sakafuni kwenye nafasi tele.

Hapa kiti hiki kinastahili sifa. Kwa kuwa kinazunguka, kingeweza kumshawishi mzazi aliyechoka kumgeuza mtoto atazame mbele kabla ya wakati ili anyamaze, na mtengenezaji ameliona hilo: kuna kizuizi kilichofichwa chini ya kitambaa ambacho hakikubali kiti kijifunge kikitazama mbele mpaka mtu akitoe kwa makusudi. Siku ya nne, saa kumi jioni, mtoto akilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, nilikikumbuka kizuizi hicho na nikafurahi kwamba kipo. Jambo jingine ambalo halina mjadala ni kwamba kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa ambao haujazimwa, kwa sababu mfuko ukifumuka hukipiga kiti mgongoni, pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Mzunguko wenyewe nilikuwa nimeudharau. Dukani ulionekana kama pambo la kuongeza bei, lakini kwenye maegesho ya vituo vya mafuta, ambako magari hubanana hata mlango haufunguki zaidi ya nusu, ulinipunguzia kazi ya kuinama na kupinda kiuno huku nimembeba mtoto wa kilo tisa anayejinyonga. Kwa siku sita tulimtoa na kumrudisha mara kati ya nane na kumi kila siku. Mgongo wangu ulimaliza safari salama, na sidhani ningeweza kusema hivyo kwa kiti cha kawaida. Vilevile ni rahisi zaidi kuifunga mikanda ipasavyo mtoto akiwa amekuelekea, kwa sababu unaona kama imejipinda, unaona kama inatokea sawa na mabega au chini yake kidogo, kama inavyotakiwa kwa anayetazama nyuma, na unaweza kujaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukifinyika na kufanya mkunjo, bado umelegea.

Kasoro za mzunguko ni mbili. Ya kwanza ni makombo. Kati ya kiti na kitako kuna mfereji wa duara, na kufikia siku ya tatu biskuti za mtoto zilikuwa zimeujaza kiasi kwamba kiti kilianza kusaga kama jiwe la kusagia na kukwama katikati ya njia. Nilikitoa, nikausafisha mfereji kwa mswaki wa akiba kwenye baraza ya nyumba ya wageni, na kazi hiyo ikala nusu saa ya asubuhi nzuri. Mtengenezaji aliyefikiria kizuizi cha umri angeweza kufikiria pia kwamba watoto hula. Ya pili ni nzito zaidi: alama ya kijani inayoonyesha kwamba kiti kimejifunga baada ya kugeuzwa iko ubavuni, upande wa mlango, na mtu aliye kwenye usukani hawezi kuiona. Siku ya pili tuliondoka kituoni kila mmoja akidhani mwenzake amekikagua, na tulikuwa tumekwenda mita mia mbili hivi mke wangu aliposikia kiti kikicheza. Tangu hapo hatukuliwasha gari mpaka mmoja wetu akitikise kiti kwa mkono na kusema kwa sauti kwamba kimefunga.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Kiti pamoja na kitako chake vina kilo 14, na hilo lina matokeo mawili ambayo tangazo lake halikuyatilia mkazo. Chini ya kanuni niliyoitaja, kiti chenye mikanda yake chenyewe kinachofungwa kwa ISOFIX hakipaswi, pamoja na mtoto aliyemo, kuzidi kilo 33. Kila kilo ya kiti, basi, inatolewa kwenye fungu la mtoto, na kiti kinachojitangaza kwamba kinafaa kuanzia sentimita 40 hadi 105 kinaweza kumkataa mtoto mnene kwa uzito kabla hajafika urefu huo. Matokeo ya pili utayajua usiku ukifika mahali pa kulala: kiti hiki hakibebeki pamoja na mtoto. Wale wenye viti vidogo vya watoto wachanga, vile vyenye mkono wa kubebea kama kikapu, huingia nao chumbani mtoto akiwa usingizini. Sisi tulilazimika kumfungua, kumwinua na kuomba asizinduke, na kati ya usiku tano alizinduka tatu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaovisifu vile vya kubeba kwa sababu hiyo, maana kumwacha mtoto alale humo usiku kucha ndiyo hatari yenyewe. Kiti cha gari, kiwe kizuri namna gani, humweka mtoto katika hali ya kukaa, na mtoto mdogo akisinzia akiwa amekaa kichwa huweza kuangukia kifuani na kuibana njia ya hewa. Ndiyo sababu madaktari husisitiza kwamba mtoto aliyesinzia humo ahamishiwe mahali tambarare mara tu inapowezekana, na ushauri unaotolewa kwa wasafiri ni kwamba asikae mfululizo zaidi ya saa mbili bila kutolewa akajinyoosha. Kiti chetu kina hatua tano za mlalo, na zote tano zinapatikana hata kikitazama nyuma, jambo ambalo si viti vyote vya kuzunguka vinalo. Baadhi hulala vizuri vikitazama mbele tu, yaani wakati mtoto ameshakua na hauhitaji sana ule mlalo. Anayenunua akijaribu dukani, ajaribu kwanza hili.

Sheria ya saa mbili iliibadilisha safari kuliko kitu kingine chochote. Programu ya ramani iliandika saa saba kwa siku ya kwanza. Tulitumia kumi na moja. Tulisimama kila baada ya dakika tisini, si mia na ishirini, kwa sababu kituo hakiji pale unapokitaka, na kila kisimamo kilichokusudiwa kuwa cha dakika kumi na tano kilimalizika baada ya arobaini, kwani nepi hubadilishwa, maziwa hupashwa moto, kisha nepi hubadilishwa tena. Usiku wa tatu tulijaribu ujanja ambao wazazi wengi huusimulia, wa kuondoka saa mbili usiku ili mtoto alale njia nzima. Alilala kweli. Sisi nasi tulikuwa karibu kulala, na ilipofika saa nne tulisimama kwenye nyumba ya wageni ya kwanza tuliyoiona, kwa sababu dereva anayesinzia hubatilisha faida yote ya kiti, mguu wake na kanuni zake.

Kuhusu joto nitasema kwa ukali kidogo. Kitambaa ni cheusi, kinene, na chini yake kuna povu gumu la kufyonza kishindo ambalo halipitishi hewa hata kidogo. Mtoto alitoka jasho mgongoni hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa sababu upepo wa kiyoyozi hutoka mbele na mgongo wa kiti kinachotazama nyuma huukinga usimfikie. Tulimvalisha nguo moja nyepesi ya pamba na kutundika pazia la matundu dirishani upande wa jua. Bizimu ya mikanda ina sehemu za chuma, na baada ya nusu saa ya maegesho juani ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza; tukawa tunaifunika kwa taulo kila tunaposhuka. Gari lililofungwa juani huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika kumi tu, kwa hiyo mmoja wetu alipokwenda kulipia mafuta mwingine alibaki na mtoto, au mtoto alishuka. Kwenye milima, siku ya tano, tatizo likawa kinyume chake. Koti nene halivaliwi chini ya mikanda, kwa sababu mjazo wake hubonyea gari linapogonga na kuacha mikanda imelegea. Tulimfunga na sweta jembamba, kisha blanketi juu ya mikanda.

Matapishi yalikuja siku hiyo hiyo, kwenye kona za kushuka mlima. Maelezo ya bidhaa yanadai kwamba kitambaa kinavulika na kufuliwa kwa mashine, na dai hilo ni la kweli kwa maana ambayo wakili angelitetea. Kukivua kulinichukua dakika arobaini, vifungo kumi na viwili na matusi mawili ya kimoyomoyo, na kukirudisha kulichukua zaidi. Mikanda yenyewe haifuliwi kwa mashine wala kuloweshwa kwenye sabuni kali, kwa kuwa nyuzi zake hudhoofika. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini, na harufu hubaki nawe kwa siku mbili. Kitambaa cha akiba kinauzwa peke yake, na ningelikuwa nimekinunua mapema ningelisamehe mengi.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo kwa mtu aishiye ugenini ni kubwa kuliko makombo na matapishi: kiti cha mtoto hakihami nchi pamoja na mwenyewe. Kilichothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, chenye kibandiko cha rangi ya machungwa na herufi E ndani ya duara, hakihesabiki kuwa halali Marekani, ambako viti hupimwa kwa kiwango chao, FMVSS 213. Wamarekani nao huwa na kibanio cha plastiki kifuani ambacho wenye viti vya Ulaya hawakijui. Australia ina kiwango chake tena, na huko kiti cha mtoto hufungwa pia kwa mkanda wa juu unaonasa nyuma ya kiti cha gari. Mtu anayejua kwamba kazi au masomo yatamhamisha baada ya mwaka mmoja, basi, asikitazame kiti hiki kwa hesabu ya miaka minne kama muuzaji anavyoipiga.

Rafiki mmoja aliyekuwa anahama nchi alitupatia bure kiti chake cha zamani kabla hatujanunua hiki. Tulikikataa kwa adabu, ingawa si kwa sababu ya umri wake tu. Kilikuwa cha kanuni ya zamani, Namba 44, ambayo haina jaribio la kugongwa ubavuni, na ambayo viti vyake vimeacha kuuzwa katika Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2024 ingawa waliokuwa navyo hawakukatazwa kuvitumia. Rafiki mwenyewe alikuwa amekipokea kwa mtu mwingine, asijue kama kiliwahi kuwamo ndani ya gari lililogonga, na ufa katika povu la ndani hauonekani kwa nje. Kiti tulichoonyeshwa na kampuni ya kukodisha kama mbadala kilikuwa na shaka hiyo hiyo, pamoja na uchafu, na hakikuwa na kitabu cha maelekezo cha lugha yoyote.

Kwa lugha, kitabu cha kiti chetu kiliandikwa kwa lugha kumi na mbili na hakuna hata moja tunayoiota, ila michoro yake ni safi na ilitosha. Jambo moja tu lilitupita kwa sababu ya kusoma kwa kubahatisha: kile kijimto cha ndani cha mtoto mchanga kinatakiwa kuondolewa mtoto akishapita urefu fulani, na binti yetu alikuwa ameupita muda mrefu. Siku ya kwanza nzima alilalamika, nasi tukadhani ni safari. Tulipokiondoa jioni, mabega yake yalipata nafasi na kilio kikapungua kwa nusu.

Kwa familia yenye gari lake, isiyotarajia kuhama, na yenye mtoto aliyekwishatoka katika miezi ya mwanzo, ningekipendekeza kiti hiki bila kusita, pamoja na kitambaa cha akiba na mswaki. Kwa anayekodi magari mara kwa mara, au anayepanda teksi zaidi ya gari lake, kingekuwa mzigo; huyo atafute kiti chepesi kinachotazama nyuma na kinachofungika kwa mkanda wa kawaida wa gari, hata kama kitamlazimu kuinama. Sisi tunabaki nacho mpaka mkataba wa kazi ya mke wangu uishe mwakani. Kwa sasa kimerudi katika gari letu dogo, mguu wake umekanyaga sakafu isiyo na kisanduku, na kiti cha abiria wa mbele kimesogezwa mbele kiasi kwamba mimi, mwenye miguu mirefu, sina budi kuendesha kila tunapotoka.